Cheti cha Tutaona

Mbwa wetu aliitwa Tutaona. Mvuvi mmoja wa Kalundu alimleta nyumbani akiwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya kofia, akamwuliza Baba kama tungeweza kumlea. Baba akajibu neno hilo moja, "Tutaona." Sisi watoto watatu tulilidaka kabla hajalibadili, na mbwa akaliitikia kana kwamba alilingojea tangu kuzaliwa.

Tuliishi Uvira, upande wa Mulongwe, ziwa likiwa mbele ya macho na milima nyuma ya mgongo. Mwaka 2019 Baba alipata kazi Bujumbura, akapanga vyumba viwili katika mtaa wa Buyenzi, akatuagiza tumfuate pamoja na Mama kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Septemba. Ninyi vijana mnaokaa mpakani mnajua kwamba safari hiyo haifiki kilomita thelathini. Wauza samaki, wauza vitenge, wanafunzi na wagonjwa huvuka asubuhi na kurudi jioni. Lakini mbwa si kapu la ndagala. Baba alituambia kwa simu kwamba Tutaona hataingia nyumbani kwake bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, tena chanjo iliyochomwa mwezi mzima kabla ya safari, kwa kuwa mwili wa mnyama huhitaji majuma kadhaa kujijengea kinga. Fedha alizituma mwezi wa Julai, akatukabidhi sisi kazi hiyo, maana Mama alikuwa na mizigo ya kufunga.

Tukaahirisha. Hatuna udhuru: mpira ulikuwa ufukweni, na Julai ilionekana ndefu. Katikati ya Agosti ndipo tulipompeleka Tutaona kwa daktari wa mifugo, mzee mwenye subira, ambaye alitueleza kwamba chanjo imekwisha, kwamba haiwezi kuletwa hovyo kwani lazima itunzwe katika baridi njia nzima, na kwamba hata ikifika juma lijalo tutapaswa kungoja mwezi mwingine. Tulihesabu kwa vidole. Hesabu ilikataa.

Karibu na soko alikuwako mtu ambaye kila mtoto wa mtaa alimjua. Alitusikiliza, akauliza swali moja tu: "Mnataka sindano au mnataka karatasi?"

Tukataka karatasi. Akaandika tarehe ya Julai kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wetu, akagonga mhuri. Fedha zilizobaki tulinunua maandazi na soda. Tunaandika jambo hili la soda kwa sababu kati ya yote ndilo linalotuaibisha zaidi.

Mama alikipokea cheti kwa mikono miwili. Alikuwa na sababu yake. Mwezi wa Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira, yeye akiwa msichana alivuka ziwa na wazazi wake kwa mtumbwi kuelekea Kigoma, na mbwa wao akabaki ufukweni. Hakutusimulia mengi, alisema tu kwamba mbwa yule aliingia majini hadi shingoni, kisha akarudi. Cheti alikiweka ndani ya Biblia, katika Kitabu cha Tobiti, na usiku wa mwisho Uvira akatusomea habari ya kijana Tobia aliyetumwa mbali na baba yake, kutoka Ninawi hadi nchi ya Umedi, akiwa na hati mkononi ili apewe talanta kumi za fedha zilizowekwa huko kwa Gabaeli. Rafaeli alimsindikiza, na mbwa akaenda pamoja nao. Mbwa yule hatajwi jina, wala hatuambiwi kama watu wa Ekbatana walimkaribisha ndani. Anatajwa wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi, basi. Mama alifurahi kwamba nasi tulikuwa na vyote viwili, mbwa na hati. Sisi tuliitazama taa.

Kavimvira tulifika asubuhi, Tutaona akiwa amefungwa kipande cha kamba ya wavu. Afisa alikisoma cheti, akamtazama mbwa, mbwa akatikisa mkia, tukapita. Gatumba ikawa vivyo hivyo. Hatumlaumu yeyote wa mpakani. Waliuamini mwandiko, kama ipasavyo mwandiko kuaminiwa. Tulipokuwa juu ya daraja la Rusizi tulitafuta viboko majini, na kufika upande wa pili tulikuwa tumekwisha kusahau.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, hata tuliona kama lugha yetu ilitangulia kufika. Majirani wengi ni Waislamu. Walituomba kwa upole tumfunge mbwa nyuma ya nyumba, mate yake yasiguse nguo za sala, nasi tukamfunga. Juma la tatu, mtoto wa jirani, wa miaka sita, alipitisha mkono kwenye uzio wakati Tutaona akila, akataka kumgusa. Akang'atwa kiganjani. Hapakuwa na damu nyingi.

Mama yake alikuja amemshika mtoto begani. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Mama, mbwa amechanjwa?"

"Amechanjwa, dada yangu, cheti ninacho." Mama alikimbilia Biblia, akakiweka cheti mikononi mwake. Jirani alikisoma tarehe, akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akageuka kwenda zake.

Hadi leo sisi watatu hatukubaliani ni nani aliyesema kwanza. Kila mmoja hukumbuka sauti yake mwenyewe. Lakini ilisemwa, naye alikuwa bado hajafika mlangoni: "Hakuchanjwa. Karatasi ni ya uongo."

Mama hakututazama. Alichukua sabuni, akaufungulia maji mkono wa mtoto, akausugua kwa dakika kumi na tano kamili za saa ya ukutani, jirani akimimina maji yalipopungua bombani. Jambo hilo alilijua. Heri nanyi mlijue, maana huosha virusi kabla havijazama. Kisha walikwenda pamoja kwenye kituo cha afya. Muuguzi hakutuficha kitu: kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kuonekana kwa binadamu, karibu hakina anayepona, bali chanjo ikitolewa mapema huzuia. Baadaye tulisoma kwamba Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo vyake kuwa kama 59,000 kila mwaka, vingi vikiwa vya Afrika na Asia. Siku ile hatukuhitaji tarakimu. Mtoto alichomwa sindano ya kwanza, akapangiwa siku ya tatu, ya saba na nyingine mbele. Baba alilipa, na mwezi ule tulikula ugali na mboga tupu.

Mbwa naye alipaswa kutazamwa siku kumi. Akibaki mzima siku hizo zote, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku alipong'ata. Tulimfunga chini ya mwembe. Kila alfajiri, baada ya adhana, jirani alikuja uzioni.

"Amekula?"

"Amekula."

Siku ya nne Tutaona alikataa chakula. Tulilala nje karibu naye, mbali kidogo kwa amri ya Baba, tukamsikiliza anavyopumua. Kesho yake alikunywa maji, akala. Ilikuwa joto tu, huenda. Jioni hiyo Baba alitutuma tupeleke cheti wenyewe kwa baba wa mtoto. Mtu huyo alikisoma mbele na nyuma bila haraka, akauliza ni nani aliyeandika tarehe, na ni nani aliyelipa. Tulijibu yote mawili. Akatukabidhi tena. "Si changu hiki," akasema, akarudi ndani.

Siku ya kumi jirani aliuliza kama kawaida, tukajibu kama kawaida. Siku ya kumi na moja hakuja. Alikuja mtoto, mkono ukiwa na kovu dogo, akaweka mifupa ya samaki kwenye kifuniko cha sufuria, akaisukuma chini ya uzio kwa fimbo ndefu.

Mwezi wa Oktoba Tutaona alichomwa chanjo ya kweli, tukapewa cheti cha pili, ambacho Baba alikipigilia ukutani. Cha kwanza tulitaka kukichoma moto. Mama alikataa, kiko palepale, katika Tobiti, na kila anapotusomea habari ile hukitoa kwanza, hukiweka mezani, ndipo huanza.