Mildura: Mji Uliozaliwa na Mfereji

Ndugu msomaji, wengi wetu tukilisikia jina la Australia hufikiria kangaruu, fukwe za bahari na majengo marefu ya Sydney. Hatumfikirii mkulima mwenye kofia pana, aliyesimama juu ya udongo mwekundu akiitazama mbingu isiyo na hata wingu moja. Hata hivyo, chakula kinachojaza masoko ya miji mikubwa ya nchi ile hutoka mashambani, katika miji midogo ambayo wageni wachache hujisumbua kuifikia. Mmoja wa miji hiyo ni Mildura, katika jimbo la Victoria. Fuatana nami Jumapili hii tukautazame, kwani habari zake zinatuhusu kuliko umbali wake unavyoonyesha.

Mildura iko kiasi cha kilometa 540 kaskazini-magharibi ya Melbourne. Treni ya abiria iliyokuwa ikisafiri usiku kucha kwenda huko ilikomeshwa mwaka 1993. Leo msafiri huenda kwa ndege, kwa basi au kwa gari lake. Ukichagua barabara, jiandae kwa subira. Kwa saa nyingi utaona mashamba ya ngano yasiyo na mwisho, na hapa na pale ghala refu la nafaka kando ya reli, likisimama peke yake kama mnara. Kisha ngano nayo huanza kupungua, na badala yake hutokea vichaka vya mikaratusi mifupi yenye mashina mengi. Udongo hugeuka mwekundu. Ukiwa mwenyeji wa Dodoma utadhani umefika nyumbani, ila mvua ya Mildura kwa mwaka haifikii milimita 300, yaani ni karibu nusu ya ile ya Dodoma.

Halafu, ghafla, rangi ya kijani. Mizabibu imepangwa safu kwa safu, michungwa inang'aa, na nyuma yake kuna mto mpana uendao polepole chini ya miti mikubwa. Huo ndio mto Murray, na bila huo pasingekuwa na mji.

NDUGU WAWILI NA PAMPU ZAO

Kabla ya mizungu kufika, kingo za mto huu zilikuwa makao ya watu wa asili, Walatji Latji upande wa kusini na Wabarkindji upande wa kaskazini. Kwa kiasi cha kilometa 110 kutoka mjini liko ziwa lililokauka zamani sana, liitwalo Mungo. Hapo ndipo yalipogunduliwa, mwaka 1968 na mwaka 1974, mabaki ya watu waliozikwa kwa heshima yapata miaka 40,000 iliyopita. Wataalamu waliyachukua mabaki ya yule mwanamume hadi Canberra, na watu wa asili wakadai kwa miaka mingi arudishwe kwao. Alirudishwa mwaka 2017. Basi mtu asikuambie kuwa historia ya nchi hii ilianza na meli za Wazungu. Ardhi hii ilikuwa na wenyewe, nao hawakuulizwa.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1887. Miaka miwili kabla ya hapo Alfred Deakin, waziri katika serikali ya koloni la Victoria ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Australia, alikwenda California kuona jinsi jangwa lilivyogeuzwa mashamba. Huko alikutana na ndugu wawili wazaliwa wa Kanada, George na William Chaffey, mabingwa wa kilimo cha kumwagilia. Wakakubali kuja. Wakapewa eneo la ekari 250,000, wakachimba mifereji, wakagawa viwanja vya ekari 10 kumi kwa wakulima wadogo, na kuzipa barabara za mji namba badala ya majina, kama ilivyo desturi ya Wamarekani. George alizisanifu mwenyewe pampu za mvuke za kuyainua maji kutoka mtoni. Kituo kimoja cha pampu hizo, kilichojengwa mwaka 1891 mahali paitwapo Psyche Bend, kimehifadhiwa hadi leo ili wageni wakione.

Ndoto ile haikudumu. Mifereji ilivuja, na kambamwekundu wa mtoni walitoboa kingo zake. Reli ilikuwa bado haijafika, na mto ulipopungua maji meli hazikuweza kupita, matunda yakaoza. Mabenki ya Australia yalipotikisika mwaka 1893, mambo yakaharibika zaidi, na kampuni ya ndugu hao ikafilisika mwaka 1895. George alirudi Marekani. William alibaki, akalima pamoja na wale wale aliokuwa amewauzia ardhi, na mwaka 1920 wakamfanya meya wa kwanza wa mji huo. Reli ilikuwa imekwisha kufika mwaka 1903. Mji ulisimama kwa jasho la wakulima waliokataa kuondoka.

Jambo moja huwachekesha wenyeji mpaka leo. Ndugu Chaffey walitaka mji usio na ulevi. Lakini klabu ya wafanyakazi ya Mildura baadaye ilijulikana duniani kwa kuwa na kaunta ndefu kuliko zote ya kuuzia pombe, yenye urefu wa mita 91! Kaunta hiyo sasa haipo, ila masimulizi yake yangalipo.

ZABIBU VICHANJANI

Mildura ilijipatia jina kwa zabibu kavu. Ukifika mwezi wa Februari au Machi, wakati kwao kiangazi kinaelekea ukingoni, utaziona zikivunwa. Katika mashamba mengine bado vipo vichanja vya zamani: safu za wavu wa waya, moja juu ya nyingine, chini ya paa la bati, bila kuta. Zabibu huchovywa au kunyunyiziwa maji yaliyotiwa potashi na mafuta, ambayo huulainisha utando wa nta ulioko juu ya ganda ili unyevu utoke upesi. Kisha huanikwa, na upepo mkavu humaliza kazi.

Siku hizi wengi wameacha vichanja. Hukata matawi yenye zabibu na kuyaacha yakining'inia kwenye waya, zabibu zikaukie pale pale shambani, halafu mashine hupita na kuzikusanya. Kazi ya watu ishirini hufanywa na wachache. Hesabu hiyo, ndugu mfanyakazi, unaifahamu mwenyewe.

MAJI SOKONI

Sasa tufike kwenye kiini cha maisha ya mji huu. Mwaka 1886 sheria ya Victoria ilitamka kuwa haki ya kuyatumia maji ya mito ni ya dola. Mkulima alipata sehemu yake kwa sababu alikuwa na shamba; aliyenunua shamba alinunua na maji yake. Ardhi na maji vilikuwa kama kinu na mchi.

Hatua kwa hatua vitu hivyo viwili vilitenganishwa, na tangu mwaka 2007 haki ya maji katika Victoria imekuwa mali inayosimama peke yake. Huuzwa, hununuliwa na hukodishwa kwa msimu, kwa kipimo cha megalita, ambayo ni lita milioni moja. Watetezi wa mpango huu husema kuwa maji huenda kwa yule atakayeyatumia kwa faida kubwa zaidi, na kwamba mkulima mwenye shida anaweza kuyauza maji yake bila kuliuza shamba.

Maneno hayo yana ukweli wake. Lakini yatazame kwa macho ya mkulima mdogo wa ekari 10. Ukame mkubwa uliodumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2009 ulipombana, bei ya zabibu ikiwa chini na deni likiwa juu, wengi waliuza maji ili wailipe benki. Mwaka uliofuata shamba lilikuwa bado lipo, mizabibu ilikuwa bado imesimama, lakini haikuwa na cha kunywa. Ukizunguka vitongoji vya Mildura utaviona viwanja ambavyo mizabibu yake iling'olewa na mahali pake pakabaki vumbi na nguzo, na upande wa pili wa barabara jirani yake anamwagilia kama kawaida.

Wakati huo huo, makampuni makubwa yamepanda milozi kwa maelfu ya ekari juu ya mto. Mlozi ni mti wa miaka mingi. Hauwezi kupumzishwa mwaka wa ukame kama shamba la mpunga, hivyo mwenye nao hununua maji kwa bei yoyote. Pia walikuwamo sokoni watu wasiokuwa na hata mche mmoja, wanunuao maji ili wayauze bei ikipanda. Tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara ilichunguza soko hilo, na mwaka 2021 ikatoa taarifa kuwa madalali wa maji walifanya kazi bila kanuni za kutosha. Serikali ya taifa nayo, kwa mpango wa mwaka 2012, imekuwa ikinunua maji ili kuyarudisha mtoni, mto usife. Mkulima wa Mildura husikia sababu za wote hawa, naye huuliza swali moja tu: mwakani pampu yangu itavuta nini?

MIKONO INAYOVUNA

Matunda ya kuliwa mabichi hayavunwi kwa mashine. Zabibu za mezani na machungwa hutaka mikono, na mikono hiyo hutoka mbali. Zamani walikuja Waitalia na Wagiriki, wengi wao wakahamia moja kwa moja. Leo utawakuta watu wa Tonga na Vanuatu waliokuja kwa mkataba, na vijana wa nchi mbalimbali wenye kibali cha matembezi na kazi, ambao wengi wao hulazimika kutimiza siku 88 za kazi mikoani ili waongezewe mwaka wa pili.

Kwa miaka mingi wavunaji walilipwa kwa kipande, yaani kwa kadiri ya ndoo au sanduku walilojaza. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge hawahitaji kuelezwa neno hilo. Mgeni asiyejua kazi, akitumwa na wakala kwenye shamba lenye matunda machache, aliweza kushinda juani akapata fedha isiyotosha kulipia kitanda. Chama cha wafanyakazi kilipeleka shauri mbele ya chombo cha taifa cha masuala ya kazi, na tangu Aprili 2022 kila mvunaji wa kipande lazima ahakikishiwe kima cha chini cha mshahara kwa saa. Ushindi ule haukuanguka kutoka mbinguni, ulidaiwa.

UGALI KANDO YA MURRAY

Usishangae ukilisikia neno la Kiswahili katika mitaa ya Mildura. Tangu miaka ya 2000 zimehamia huko familia za Warundi na Wakongo, na miongoni mwao wapo waliokulia katika kambi za wakimbizi za Tanzania. Walikuwa wakulima, na jambo lililowaumiza lilikuwa kukaa katika mji wa kilimo bila kushika jembe. Unga walioutaka, ule wa mahindi meupe, ulikuwa adimu.

Wakatazama, wakaona ile ardhi iliyolala baada ya mizabibu kung'olewa. Kwa msaada wa wenyeji, na baadaye kwa njia ya ushirika unaowaunganisha wenye ardhi isiyotumika na wasio na ardhi, wakapata mahali pa kupanda mahindi na mboga. Ardhi haikuwa taabu kubwa kuipata. Taabu ilikuwa maji, kwa sababu mwenye kuazima shamba lazima aazime na megalita. Lakini mahindi yakaota katika udongo ambao watu walikuwa wameukatia tamaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.

UKITAKA KUISHI HUKO

Maisha ya Mildura ni ya taratibu. Mwezi wa Januari joto hupita nyuzi 40, hivyo kazi huanza alfajiri. Mwezi wa Julai asubuhi huwa na umande ulioganda. Nzi ni wengi. Bila gari utakuwa mfungwa, kwani jirani, duka na shule viko mbalimbali. Ila magari hupita kushoto kama kwetu. Jumamosi za majira ya baridi mji wote huhamia viwanjani, wanaume na wavulana kwenye kandanda lao la mpira wa yai, wanawake na wasichana kwenye netiboli. Kama unataka kufahamika upesi, nenda uwanjani, au jiunge na kikosi cha kujitolea cha kuzima moto. Huko hawaulizi kwanza umetoka wapi. Huuliza kama utakuja tena juma lijalo.

Ndugu msomaji, siku mama atakapotia zabibu kavu katika pilau, waeleze watoto kuwa tunda lile dogo ni maji ya mto yaliyokaushwa juani. Kisha waulize: mto ukipita mbele ya watu wengi, ni nani mwenye haki ya kuyanywa maji yake kwanza? Watu wa Mildura wamelijadili swali hilo tangu mwaka 1887, na hawajalimaliza. Nasi wenye Ruaha, Pangani na Rufiji tunalo hilo hilo mlangoni.