Daftari Lirudi Limesahihishwa

Kwa mpwa wangu,

Shangazi yako anakupongeza kwa kuripoti kituoni. Habari kwamba umepewa darasa la pili lenye watoto tisini zimefika Tanga kabla ya barua yako. Umeuliza jambo moja tu: kazi za nyumbani ziendeje, maana mzazi mmoja amekuja kulalamika kwamba unatoa nyingi, na wa pili kwamba unatoa chache. Shangazi amefundisha madarasa ya chini miaka thelathini na moja, na jibu lake ni fupi. Mwalimu asitoe kazi ambayo hataisahihisha.

Kiwango cha serikali ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipofutwa hadi kidato cha nne, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia darasani, na hilo ni jema kabisa. Lakini hesabu ya madaftari ni ngumu. Watoto 90 wakipewa maswali kumi kumi, ni majibu 900. Mwalimu mwepesi anayetumia dakika moja kwa kila daftari atakaa saa moja na nusu, na andalio la somo la kesho bado halijaandikwa. Ndipo madaftari yanaporundikwa ofisini hadi Ijumaa, kisha kila ukurasa unapigwa vema moja kubwa kutoka juu hadi chini.

Chini ya vema hiyo hujificha mtoto aliyeandika 14 − 6 = 12.

Mtoto huyo hakukisia. Ameona 6 na 4 upande wa mamoja, akatoa ndogo katika kubwa kama alivyozoea, akapata 2, kisha akaishusha ile 1. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu. Akipigiwa vema leo, kesho ataandika 15 − 8 = 13, na darasa la tatu litamkuta na kanuni ileile ikiwa imekomaa. Dawa yake haichukui hata dakika tano: vizibo vya soda kumi na vinne juu ya dawati, aondoe sita, ahesabu vilivyobaki, halafu aangalie alichoandika. Uso wa mtoto anapoona vimebaki vinane, mpwa wangu, ndio mshahara ambao shangazi yako bado anaukumbuka.

Kwa hiyo maswali yawe manne au matano, na mawili kati yake yawe ya kutega kosa hilo. Madaftari ya mstari wa dirishani yakusanywe Jumatatu, ya mstari wa kati Jumanne, hivyo hivyo hadi wiki iishe. Waliobaki siku hiyo wasahihishe wenyewe kwa kutazama ubaoni.

Kuna mtoto atakayekuja mikono mitupu kila asubuhi. Shangazi aliwahi kuwa na wa namna hiyo, akamdhania mvivu kwa muhula mzima. Kumbe nyumbani kulikuwa na penseli moja na kibatari kimoja, na kaka yake wa darasa la nne ndiye aliyetangulia kutumia vyote viwili; zamu ya mdogo ilipofika, mafuta yalikuwa yamekwisha. Fimbo ingesaidia nini hapo? Hata kanuni za viboko za 1979, zilizorekebishwa 2002, zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, kwa mamlaka ya mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi. Kukosa penseli si kosa la nidhamu. Mtoto huyo apewe dakika kumi na penseli ya mwalimu kabla ya kengele ya kurudi nyumbani.

Ama wazazi, wote wawili wasikilizwe. Anayetaka kazi nyingi aelezwe kwamba Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walipitia tafiti za 1987 hadi 2003, na mwaka 2006 wakaandika kwamba kazi za nyumbani huambatana na ufaulu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko kwa wadogo. Kipimo cha walimu wengi huko ni dakika kumi kwa kila darasa, maana yake ishirini kwa darasa la pili. Zinatosha.

Anayelalamika kuelemewa naye ana haki yake. Kenya ilipoeneza mtaala wa umilisi nchi nzima mwaka 2019, wazazi wengi walijikuta usiku wakitafuta manila, gundi na mahali pa kuchapishia picha. Kazi inayofanywa na mama haimwambii mwalimu lolote kuhusu mtoto.

Kazi halisi ya mzazi ni kusikiliza. Watu wa Uwezo, wale wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipopita nyumba kwa nyumba, walikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na kipimo chao kilikuwa rahisi: mtoto mmoja, karatasi moja, asome kwa sauti. Baba asiyejua kusoma naye anaweza kukaa kwenye mkeka na kusema, haya, nisomee. Akisikia mtoto anakwama, atamwambia mwalimu.

Waeleze hayo kwenye kikao cha wazazi, kwa upole, na uwape nafasi ya kuuliza. Likizo ya Juni ukija Tanga, mletee shangazi madaftari matano ya watoto wanaokosea kutoa. Tutakaa nayo pamoja.

Shangazi yako