Vituo vya Njiani: Kutoka Segera Kwenda Pwani

Segera ni njia panda. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Chalinze, hapa ndipo magari hugawana: ya kushoto yanaelekea Korogwe, Same na Moshi, ya kulia yanaelekea Muheza na Tanga. Kwa abiria wengi Segera ni mahali pa kula wali wa harakaharaka, kuchimba dawa na kununua machungwa dirishani. Kwetu tuliokulia hapa, upande huu wa Handeni unaopakana na Korogwe, ni mahali pa kuanzia. Baba alikuwa Mzigua wa hapahapa. Mama alitoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na safari kubwa ya nyumbani kwetu ilikuwa moja tu: kwenda pwani kwa Bibi.

Barabara za kwenda huko zimebadilika sana. Lakini kilichobadilika zaidi ni namna tunavyoipanga safari yenyewe.

Mama hakuwa na ramani. Alianza na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hukupwa mbali, miamba hubaki wazi na wanawake hushuka na fimbo zao kutafuta pweza. Mama alitaka tufike siku hizo, ili tuione bahari ikiwa imefunua ilichonacho. Baada ya mwezi alihesabu mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hayakuwa majira ya kupanga safari ya Bweni, maana udongo wa kule ukilowa gari halitoki. Mwezi na mvua vikikubaliana, ujumbe ulipelekwa kwa mdomo: konda wa basi la Muheza aliambiwa, naye akamwambia mwingine, na Bibi akajua.

Safari ilianza alfajiri. Muda si mrefu tulivuka mto Pangani pale Hale, na kila mara Mama alituonyesha: huu ndio mto wa kwa Bibi. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale iliyoanza kazi mwaka 1964, kisha yanateremka hadi baharini. Nilikuwa mtoto, na nilifurahi mno kujua kwamba maji niliyoyaona asubuhi nitayakuta tena jioni.

Muheza tulishuka na kusubiri gari la Pangani lijae. Hiyo ilimaanisha saa nyingi chini ya michungwa, tukimenya na kusikiliza Kibondei cha wauza sokoni. Gari likijaa, tulipita mashamba ya mkonge, kisha minazi, kisha tukasimama ukingoni kungoja kivuko. Hakuna aliyetupangia kituo cha kutazama mikoko. Kivuko kilikuwa ng'ambo, basi tukatazama mikoko. Tukaona mdiria akipiga mbizi, jahazi likiingia na maji ya jioni, na kaa wakikimbilia mashimo yao. Karibu kila ninachokijua kuhusu viumbe wa mto ule nilikijua nikiwa nasubiri.

Bweni nako kulikuwa na masomo yake. Jirani hapo ni Kikogwe, ambako Mjerumani Richard Hindorf alipanda mkonge mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyopona, na kwa hiyo 62 Tanga nzima ikaja kugeuka shamba. Lakini Bibi alipenda zaidi kuzungumzia kisiwa cha Maziwe. Katika ujana wake kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda mchangani kutaga. Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi mwaka 1975. Miaka michache baadaye miti ilikuwa imekwisha, bahari ikala ardhi, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakikupwa tu. Miamba yake ya matumbawe bado ina uhai, samaki wapo, lakini kisiwa alichokijua Bibi hakipo. Tangu nikiwa mdogo nilijua kwamba kituo cha njiani kinaweza kufa.

Nilipoanza kuendesha gari langu mwenyewe, upangaji ulihamia kwenye simu. Wadogo zangu waliotawanyika Dar na Arusha wakawa wanakutana kwenye kundi la WhatsApp, na swali la kwanza likawa: saa ngapi tutafika? Tanga ni kama kilomita 70 kutoka Segera, lami tupu. Kutoka Dar, njia ya Bagamoyo hadi Msata inaikwepa Chalinze, na daraja jipya la Wami, lililofunguliwa 2022, limeondoa foleni ya lile jembamba la zamani. Sasa barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga inawekwa lami, na daraja la Pangani, lenye urefu wa mita 525, litachukua kazi ya kivuko.

Nalifurahia daraja hilo kwa moyo wote. Nimewaona Bweni wajawazito wakingoja kivuko usiku, na samaki wakiharibika kabla ya kufika sokoni. Asiyewahi kusubiri hajui daraja ni nini. Ila kuna jambo moja daraja halitatufanyia. Zamani mto ndio uliotusimamisha, na tope, na gari lisilojaa. Vikwazo hivyo vikiondoka, hakuna kitu kitakachotusimamisha isipokuwa sisi wenyewe.

Ndiyo maana siku hizi naipanga safari kwa kuanzia na vituo, na saa ya kufika naiweka mwisho. Siku ya kwanza ni ya Amani. Kutoka Muheza barabara inapanda Usambara Mashariki, polepole, ndani ya msitu ambao ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti huko mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia bado imesimama. Milima hii ndiyo nyumbani kwa ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo leo linakaa madirishani Ulaya na Marekani. Hadi 2016 wanakijiji waliofuga vipepeo walikuwa wakiuza mabundo yao ng'ambo. Na mto Zigi unaotoka msituni humo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, linaloipa Tanga maji ya kunywa. Mtoto akiyajua hayo, hatahitaji kuhubiriwa kwa nini mti usikatwe.

Siku ya pili ni Tongoni, kwenye makaburi ya nguzo, kisha Pangani. Maziwe naiweka siku ambayo maji yanakupwa asubuhi, na hapo hesabu ya Mama inarudi kazini: bado naangalia mwezi kabla ya kuwapigia watu wa mashua. Kutoka Bweni nashuka kusini hadi Mkwaja na ufukwe wa Madete, ambako kasa wanataga hadi leo, na kuingia Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako nyati na twiga wanaishi kando ya bahari. Siku ya mwisho natokea Mandera kwenye barabara kuu, narudi Segera. Kila kituo nakilipia: mwongozaji wa Amani, nahodha wa Pangani, mama lishe wa Mkwaja. Kituo kisichomlisha mwenyeji hakina mlinzi.

Wapwa zangu wameniomba niwapangie safari yao ya Desemba. Waliniuliza daraja litawapunguzia muda gani. Nimewaambia saa zote litakazowaokolea lile daraja wazitumie palepale mtoni, upande wa Bweni, kabla ya kuwasha gari tena.