TAFAKARI YA JUMA: WAVU ULIOKATWA MITEJA



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaonisoma kila juma, tunapoielekea tena Noeli baadhi yenu mmeniuliza kwamba mapadre nao hula sikukuu wapi na pamoja na nani. Swali hilo ni la haki. Siku ya Noeli yenyewe padre ni wa altare na wa vigango. Jamaa zake huwapata baadaye, kama akiwapata. Leo napenda kuwasimulia juu ya Noeli ya mwaka 2024, ambayo niliimalizia Miteja, wilayani Kilwa, nyumbani kwa mdogo wangu ambaye ni mwalimu. Nawasimulia kwa aibu kidogo, maana nilikwenda huko nikiwa padre, lakini sikwenda nikiwa ndugu.

Mama yetu alifariki mwaka 2023 akituachia shamba la mikorosho. Mdogo wangu akauza nusu ya shamba hilo bila kumwambia mtu. Niliposikia sikugomba. Nilinyamaza, na ukimya ule nikauita busara. Kwa muda wa miezi kumi na minne sikumpigia simu hata mara moja, na katika miezi hiyo hiyo nilihubiri juu ya msamaha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hatimaye dada yetu mkubwa alinitumia ujumbe mfupi: "Padre, Noeli hii sote tunakwenda Miteja. Nauli yako nimekwisha kulipa." Wenye dada wakubwa mnajua kwamba ujumbe wa namna hiyo haujibiwi ila kwa kufunga mzigo.

Niliwasili Alhamisi, tarehe 26 Desemba. Miteja iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, baada ya Somanga na kabla ya Nangurukuru. Ni barabara hiyo ambayo mvua za kimbunga Hidaya ziliikata katika eneo la Somanga mwezi Mei mwaka ule, watu wakalala njiani. Mdogo wangu alinipokea begi na kusema, "Karibu, Padre." Tangu utotoni alikuwa akiniita Kaka. Nililitambua neno hilo mara moja, naye alijua kwamba nimelitambua.

Wanawe hawakuwa na habari ya mambo yetu. Walitaka kumwonyesha Baba Mkubwa bahari yao. Na kweli wana haki ya kujivuna: kuanzia delta ya Rufiji, kupitia Mafia hadi Kilwa, ni eneo oevu lililotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2004, lenye mikoko, nyasi za bahari na matumbawe. Mbele yake kiko kisiwa cha Songosongo, ambacho gesi yake inawasha taa za Dar es Salaam tangu mwaka huo huo wa 2004. Niliwauliza kama tutaona nyangumi. Wakanicheka. Nyangumi, walisema, hupita miezi ya baridi, na ifikapo Desemba wamekwisha kurudi kusini. Mwalimu alikuwa amewafundisha vema.

Jioni ile, ili nisikae kimya mbele ya baba yao, niliwasimulia habari za samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walimjua kwa mabaki yake yaliyogeuka mawe tu, wakaamini kwamba alitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita. Tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyetunza makumbusho ya hapo, alikwenda bandarini kutazama samaki waliovuliwa na kuwatakia mabaharia heri ya Noeli. Katika lundo la samaki akaona pezi la buluu la ajabu. Alikuwa silikanti. "Na mwaka 2003," nikamalizia, "mmoja alinaswa hapa hapa kwetu Kilwa, karibu na Songo Mnara." Watoto walipiga kelele. Mdogo wangu akacheka, kisha akakumbuka kwamba hatusemezani, akaacha.

Kesho yake, Ijumaa, alfajiri, jirani mmoja mvuvi alitualika kwenda naye kuinua jarife lake. Tulikwenda mimi, mdogo wangu na mtoto wake wa kiume mwenye miaka kumi na mmoja. Bahari ilikuwa tulivu. Hatukufika mbali kundi la pomboo likatupita, wakiruka wawili wawili, na mtoto akasahau hata kupumua. Nami nilimshukuru Muumba kwa dhati. Lakini hata shukrani ile niliitoa nikiwa nimempa mdogo wangu mgongo.

Wavu ulipoanza kupanda ulikuwa mzito. Tulitazamia papa au taa. Alitokea kasa mkubwa, hai, pezi lake la mbele limezungushwa uzi mara nyingi hata ukaingia kwenye ngozi, na shingo imenaswa. Kasa anapumua hewa kama sisi, na akizuiliwa chini ya maji hufa. Huyu alikuwa ameachiwa nafasi ndogo tu ya kutoa pua.

Yule mvuvi alijaribu kumnasua kwa vidole. Haikuwezekana. Akautazama wavu kwa muda, na mimi niliona anapiga hesabu. Wavu ule ndio ulikuwa chakula cha nyumbani kwake na ada ya wanawe. Kisha akatoa kisu na kuanza kukata, uzi baada ya uzi, mpaka tundu likawa la kumpitisha mtu. Kasa alilala ubavuni mwa mashua kama aliyepotewa na njia, akavuta pumzi moja yenye sauti, akazama.

Mtoto akamwuliza kwa nini hakumchukua kwa kitoweo. Mzee alimjibu kwamba sheria inakataza, na kwamba nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu. Akamkumbusha wale watu tisa wa kisiwa cha Panza, Pemba, wanane kati yao watoto, waliokufa baada ya kuila mwezi Machi mwaka ule. Nami naomba wasomaji wangu wa pwani mlizingatie hilo. Lakini baadaye alinigeukia mimi, akasema neno ambalo sijalisahau: "Padre, wavu nitaushona. Pumzi haishonwi."

Aliporudi kutoka swala ya Ijumaa tulimkuta chini ya mwembe akiushona wavu. Tulimpa fedha za kununulia uzi. Alipokea nusu, nusu akarudisha. Basi mimi na mdogo wangu tukaketi kumsaidia, yeye akishika upande mmoja na mimi mwingine. Siku hiyo Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yohane, Mtume na Mwinjili, yule mwana wa Zebedayo ambaye Bwana alimwita akiwa pamoja na ndugu yake chomboni, wakizitengeneza nyavu. Nilikuwa nimeisali Misa ya Mtume huyo asubuhi ile peke yangu kabla ya kutoka, wala sikuona chochote.

Mzee aliingia ndani kutafuta uzi. Mdogo wangu hakuinua macho. Akasema, "Kaka, shamba la mama niliuza kwa sababu nilikuwa na madeni, na niliogopa kukuambia. Nilikosa."

Ndugu zangu, nilikuwa na hotuba ya miezi kumi na minne tayari kinywani. Nilikuwa na haki pia; shamba halikuwa lake peke yake. Ila nilikumbuka kisu cha mzee. Naye alikuwa na haki ya wavu wake. Nikasema, "Na mimi nilikosa. Nilikuona umenaswa, nikakaa mbali nikihesabu nyuzi zangu." Tuliendelea kushona. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa kukumbatiana.

Shamba halikurudi, wala halitarudi. Ile nusu iliyobaki bado tunajadiliana namna ya kuitunza, na wakati mwingine sauti hupanda. Sipendi mdhani kwamba msamaha ni bure. Siku tatu kabla yake, tarehe 24 Desemba, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amefungua Mlango Mtakatifu wa Jubilei, na katika Maandiko Jubilei ni mwaka wa kurudishiana mashamba na kuachiana huru. Mimi nilikuwa nimeyafafanua hayo vizuri mimbarani. Kristo alituagiza tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu. Mimi niliitolea sadaka hiyo kwa miezi kumi na minne bila kugeuka.

Wapendwa, kabla hamjapamba pango la Noeli mwaka huu, jiulizeni kila mmoja: je, kuna jina katika simu yangu ambalo nalipita haraka ninapotafuta mengine? Huenda una haki kabisa. Huenda wavu ni wako, na uliununua kwa jasho. Hata hivyo aliyenaswa humo ni ndugu yako, na nafasi aliyobakiwa nayo ya kuvuta pumzi ni ndogo.

Mdogo wangu alinipigia simu jana usiku. Anauliza, "Kaka, unakuja lini? Watoto wanasema safari hii uje wakati wa nyangumi."

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Nawatakia maandalizi mema ya Noeli.

Wenu katika Kristo,
Paroko