Kutazama na Kuona

Msomaji mpenzi, wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Kila kipitacho mbele ya macho hutazamwa, kiwe kizuri au kibaya. Walakini kutazama ni jambo moja, na kuona ni jambo jingine. Watu kumi waweza kukaa juu ya mkeka mmoja, wakatazama kitu kimoja, na kila mmoja akaondoka na chake. Nataka kukuthibitishia neno hili kwa habari ya filamu moja ya muziki, na ya watu walioitazama huku kwetu Msambweni, katika pwani ya kusini ya Kenya.

Filamu hiyo huitwa Soul Power. Si hadithi ya kubuniwa, bali ni picha za mambo yaliyotukia. Katika miaka ile vijana wa Marekani na Ulaya, wenye nywele ndefu na mavazi ya rangi nyingi, walikuwa wamezoea kukusanyika kwa maelfu kusikiliza muziki, kama walivyofanya Woodstock mwezi wa Agosti 1969. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, mkutano mkubwa wa namna yake ulifanyika Afrika, katika mji wa Kinshasa, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Walioubuni ni Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na mwenzake Stewart Levine. Ulikusudiwa uandamane na pigano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho katika mazoezi, na pigano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Lakini muziki haukungoja.

Wanamuziki waliotoka Marekani walipiga na kuimba tangu ndani ya ndege. James Brown, B. B. King, Bill Withers na Celia Cruz walipanda jukwaa moja na Miriam Makeba, Tabu Ley, na Franco na bendi yake ya OK Jazz. Picha zilizochukuliwa zilikuwa nyingi mno. Baadhi zilitumiwa mwaka 1996 katika filamu ya When We Were Kings, ambayo habari yake kubwa ni lile pigano. Nyingine zilikaa ndani ya makasha hadi Jeffrey Levy-Hinte alipozitengeneza kuwa Soul Power, iliyotoka mwaka 2008.

Sisi tuliitazama usiku mmoja baada ya sala ya Isha, juu ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Vijana walimshangilia James Brown kama kwamba angewasikia. Mmoja wao, ambaye hupiga ngoma katika hoteli ya Diani, hakushangilia. Alisema, “Tazameni jukwaa lile! Sisi hupewa dakika chache tu, wageni wakingoja kahawa yao.” Fundi seremala aliyekaa karibu nami hakushughulika na waimbaji. Yeye aliwatazama wafanyakazi waliokuwa wakijenga jukwaa, akasikitika kuwa hapana aliyewapigia makofi. Mama mmoja aliposikia kwamba Miriam Makeba alinyang'anywa pasi ya nchi yake mwaka 1960, asiweze kurudi kwao, alijifuta macho kwa ncha ya leso. “Mwanangu,” aliniambia, “huyu haimbi kwa furaha. Anatuma salamu nyumbani.”

Ndipo ulipozuka ubishi. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya serikali alisema kwamba yeye hakufurahi hata kidogo. Alitukumbusha kuwa Mobutu, mtawala wa Zaire, alitwaa nchi kwa nguvu za jeshi mwezi wa Novemba 1965, na hakuondolewa hadi mwaka 1997. Kijana wa Diani akamwuliza, “Mjomba, muziki una kosa gani?” Mzee akajibu, “Muziki hauna kosa. Lakini mwenye karamu ndiye achaguaye nani aketi mbele na nani asionekane.”

Nilipima maneno ya wote wawili, na mpaka leo naona kwamba kila mmoja alishika nusu ya haki. Furaha ya watu waliocheza katika uwanja ule ilikuwa ya kweli, haikuamriwa na mtu. Hofu ya watu waliotawaliwa bila hiari yao nayo ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo, msomaji, utazamapo picha yoyote, usiridhike na kile kilichomo ndani yake. Uliza nani aliyeishika kamera, nani aliyetoa fedha, na nani aliyeachwa nje. Kuuliza hivyo hakuharibu furaha ya kutazama. Mtu aweza kupenda wimbo kwa moyo wake wote, na bado akataka kujua ulilipiwa na nani.

Aliyesema mwisho alikuwa mzee mpiga ngoma ya sengenya, ambaye kwa muda wote alikuwa kimya, vidole vyake vikigonga goti. Aliuliza nani aliyelipa gharama. Tulimwambia kuwa fedha zilitoka kwa wafadhili wa Liberia. Akauliza tena picha zilikuwa wapi siku zote hizo. Tulimwambia kwamba zilihifadhiwa miaka 34. Mzee akatikisa kichwa. “Basi wale ni matajiri,” alisema. “Mimi nikifa, mapigo yangu yote yatazikwa na mkono huu.”

Hapana aliyemjibu. Katika yote yaliyosemwa usiku ule, neno hili ndilo lililonigusa zaidi, maana wengine walisema juu ya Kinshasa, na yeye alisema juu yetu. Wadigo wana ngoma za arusi, za mavuno na za uganga, na kila moja ina mapigo yake, majina yake na sababu yake. Sehemu kubwa ya elimu hiyo imo vichwani na mikononi mwa wazee, wala haimo katika kasha lolote.

Wewe usomaye shuleni leo una bahati ambayo wenzako wa mwaka 1974 hawakuwa nayo. Simu ndogo ya mkononi yaweza kufanya kazi iliyohitaji kundi zima la wapiga picha katika uwanja wa Kinshasa. Mwendee mzee wa mtaa wako ajuaye ngoma. Mwamkie kwa adabu, mwombe ruhusa, mwulize jina la kila pigo na siku lipigwapo, na uyaandike majibu yake. Usimwondokee mikono mitupu, kwa kuwa anakupa mali. Wala usiahirishe hata likizo ijayo: picha za Kinshasa ziliweza kungoja miaka 34, lakini mzee hana miaka 34 ya kukungoja.