Uliza Kabla ya Kula: Barua kwa Mpwa Wangu Anayekwenda Uhispania

Kebirigo, Nyamira
1 Desemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Kemunto,

   Huku mvua inanyesha, majani chai yanachumwa, na mama yako ameshamwambia kila mtu sokoni kwamba viza yako imetoka. Nimesikia kuwa mwezi Januari utakimbia mbio za nyika za Elgoibar, kisha ushuke Valencia kwa mbio za barabarani za kilomita 10. Nakupongeza sana. Valencia ndiko Agnes Ngetich alikokimbia umbali huohuo kwa dakika 28 na sekunde 46, Januari 2024. Umealikwa mahali pazito.

Dhumuni la barua hii si mbio. Kocha wako anajua kazi yake, na meneja atakupokea uwanja wa ndege na kukuonyesha kitanda. Lakini mezani utakuwa peke yako, na mimi mjomba wako niliyewahi kukimbia katika matope ya Uhispania nataka nikuambie habari za meza. Medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika historia ya Kenya aliileta mtoto wa Gusii, Naftali Temu, alipowashinda wenzake katika mita 10,000 tarehe 13 Oktoba 1968. Aliishinda Mexico City, mji wa wasemaji wa Kihispania. Tangu hapo vijana wetu hawajaacha kula kwenye meza za watu wa lugha hiyo, na wengi bado huketi pale wakiwa mabubu.

Kemunto, umelelewa vizuri. Ukitembelea watu Manga au Nyansiongo, unakula ulichopakuliwa na kushukuru. Mtoto anayechungulia sahani na kuuliza kilichomo anaonekana hakufunzwa. Hiyo ni adabu ya nyumbani, na usiiache. Ila mkahawa si nyumba ya mtu. Pale umelipa, au umelipiwa, na kazi ya mhudumu ni kujibu maswali. Hakuna Mhispania atakayekuona mjeuri kwa sababu umeuliza. Katika kundi letu la wakimbiaji huko alikuwapo kijana hodari kunishinda, lakini mwenye haya nyingi. Usiku wa kuamkia mbio aliletewa dengu zenye vipande vya soseji nyekundu. Alijua ni nguruwe, hakujua la kusema, akaisogeza sahani kando na kulala na mkate mtupu tumboni. Kesho yake aliachwa na kundi kabla ya nusu ya safari. Miguu yake haikuwa na kosa lolote. Haya ndiyo iliyomwangusha.

Kabla ya maneno yenyewe, ondoa hofu ya matamshi. Irabu za Kihispania ni tano, na zinasomwa kama zetu. Herufi h haisomwi kabisa. J ni kh ya "kheri". Ll husomwa kama y. Ñ ni ny ya Nyamira. Qu ni k, na v ni b. Z ni th ya "thelathini", na c nayo ikifuatwa na e au i. Tena Ekegusii kimekupa zawadi. Ile b laini ya neno obokima (ugali), ambayo midomo haifungi sawasawa, ndiyo b ya Wahispania katikati ya neno, na g ya Omogusii ndiyo g ya agua, yaani maji. Wageni wengine huhangaika nazo miezi. Wewe ulizaliwa nazo.

Sasa ingia mlangoni. Salimia kwanza kama unavyosalimia nyumbani: buenos días asubuhi, buenas tardes baada ya chakula cha mchana, buenas noches usiku. Ukitaka meza ya watu watatu, sema "Una mesa para tres, por favor". Hayo mawili ya mwisho, por favor, ni tafadhali, na usiyabane. Kisha jihadhari na saa. Wenyeji hula chakula cha mchana kati ya saa nane na saa kumi, na cha usiku kuanzia saa tatu. Katikati ya hapo majiko mengi hufungwa. Wewe uliyezoea kula saa moja jioni na kulala mapema utakuta viti vimepangwa na moto umezimwa. Uliza: "¿Está abierta la cocina?" yaani jiko liko wazi? Likiwa limefungwa, tafuta baa ya kawaida inayouza vyakula vidogo siku nzima na uagize tortilla. Huko Uhispania tortilla ni mayai yaliyopikwa na viazi, chakula kizuri kwa mkimbiaji. Ile ya mahindi, bapa kama chapati, ni ya Mexico.

Ukiomba el menú, hutaletewa orodha. Utaletewa chakula cha siku cha bei moja: sahani ya kwanza, ya pili, kitamutamu, pamoja na mkate na kinywaji. Ni nafuu na kinashibisha, na siku za kazi mchana ndicho wenyeji wengi wanachokula. Orodha kamili huitwa la carta. Ukishaamua, sema "Para mí", yaani kwangu mimi, kisha utaje chakula. Au sema "Quisiera", ningependa, ambayo ina heshima zaidi.

Hapa sasa ndipo moyo wa barua. Wewe ni Msabato, mtoto wa Wasabato. Huli nguruwe, huli mumi kwa sababu hana magamba, na hunywi pombe. Uhispania ni nchi ambayo nguruwe ameingia kila chungu. Jifunze majina yake yote: cerdo ni nyama yake, jamón ni paja lililokaushwa kwa chumvi, chorizo ni soseji nyekundu, morcilla ni soseji ya damu, tocino na panceta ni mafuta na nyama ya tumbo, manteca ni mafuta yake ya kupikia. Siagi huitwa mantequilla, kwa hiyo sikiliza mwisho wa neno.

Usiulize tu kama chakula kina nyama, yaani carne. Wahudumu wengi hawahesabu jamón kuwa nyama. Kwao ni kiungo tu. Utaambiwa hakuna nyama, kisha uletewe maharagwe mabichi yaliyonyunyiziwa vipande vya paja. Uliza kwa jina: "¿Lleva jamón? ¿Lleva chorizo?" Lleva husomwa "yeba", na maana yake ni kuuliza kama kimo ndani. Waulize hasa juu ya lentejas, yaani dengu, juu ya garbanzos na alubias za jamii ya kunde na maharagwe, na juu ya mchuzi wowote unaoitwa caldo, kwani mara nyingi huchemshwa na mfupa wa nguruwe. Vile vibonge vya kukaanga viitwavyo croquetas vinapendeza macho, lakini vingi vina jamón. Mwisho wa maswali sema wazi: "No como cerdo ni mariscos, por mi religión." Sili nguruwe wala vyakula vya baharini vyenye maganda magumu na vya jamii ya pweza, kwa sababu ya dini yangu.

Kuna watakaokushauri useme una mzio, eti jiko litakuogopa. Usidanganye. Mtu mwenye mzio wa kweli anaweza kufa kwa uzembe wa jiko, na kila anayelitumia neno hilo kwa uongo anawapunguzia wengine ulinzi. Dini yako ni sababu tosha. Ikiwa kweli kuna kinachokudhuru, sema "Soy alérgica a", kisha ukitaje. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka mikahawa itoe habari za vitu 14 vinavyodhuru wenye mizio, na orodha hiyo ya alérgenos itakusaidia hata wewe mzima: ukiona crustáceos au moluscos, ujue kuna kamba, kaa, chaza au pweza. Lakini nguruwe hayumo katika hivyo 14. Huyo ni wa kuulizia mwenyewe.

Valencia watakukaribisha paella, wali wa sufuria pana ambao mji huo unajivunia. Ile ya asili ya kwao, paella valenciana, hupikwa kwa kuku na sungura, pengine na konokono. Sungura ni conejo, na Walawi 11, inayomkataza, umeisoma. Ile ya baharini ina kamba na kome. Omba paella de verduras, ya mboga, na uulize mchuzi wake umetokana na nini. Samaki wa magamba wapo tele: merluza, bacalao, sardinas. Calamares na pulpo ni jamii ya ngisi na pweza; wapishe.

Kwa vinywaji, chakula cha siku mara nyingi huja na divai bila mtu kuuliza. Sema mapema: "Agua en vez de vino", maji badala ya divai. Huko Elgoibar, nchi ya Wabaski, utaona chupa yenye picha ya matofaa iitwayo sidra. Hiyo ni pombe. Kinywaji cha zabibu kisicho na pombe ni mosto, nacho hupatikana hata baa. Sharubati ni zumo. Maji ya chupa yasiyo na gesi ni agua sin gas; ukitaka yasiyo baridi, ongeza "del tiempo". Na usione haya kuomba "una jarra de agua del grifo", jagi la maji ya bomba, kwa maana sheria ya mwaka 2022 inaitaka mikahawa iyatoe bure. Chai yetu ya maziwa hutaipata. Ukiomba té con leche utaletewa maji ya moto, pakiti ya majani, na maziwa kidogo pembeni. Kunywa maziwa ya moto, leche caliente, ulale.

Siku ya kuamkia mbio usijaribu kitu kipya. Mbio hizo kwa kawaida huwa Jumapili, na siku ya kuamkia ni Sabato, kwa hiyo panga chakula chako tangu Ijumaa kabla jua halijatua. Agiza arroz blanco, wali mweupe. Pasta con tomate. Pollo a la plancha, kuku wa kuchomwa kwenye bamba la moto bila mchuzi wa siri. Patatas cocidas, viazi vya kuchemsha. Ndizi ya kula ni plátano. Obokima na mboga ya chinsaga vitakungoja nyumbani. Ukiagiza nyama ya ng'ombe, iite ternera, na usisahau "bien hecha", iliyoiva sawasawa. Usiposema, itakuja na damu, na si kosa la mpishi.

Adabu za meza ni chache. Kumwita mhudumu, inua mkono na useme "Perdone". Usimpigie mluzi wala "psss" kama wanavyofanya walevi wa stendi. Ukipita karibu na watu wanaokula, waambie "Que aproveche", yaani chakula na kiwafae. Wakikuambia wewe, jibu "Gracias". Kwa Wabaski shukrani ni "eskerrik asko", na ukilisema hilo hata mara moja utaona nyuso zikifunguka. Ukimaliza, bili haitaletwa hadi uiombe: "La cuenta, por favor." Mhudumu hajakusahau. Kwao ni utovu wa adabu kumfukuza mteja kwa karatasi. Wenyeji hupenda kubaki mezani wakiongea saa nzima baada ya kula. Wewe una mbio; sema "Perdonen, me voy a descansar", naenda kupumzika, na hakuna atakayekasirika. Bakshishi si lazima. Sarafu chache zinatosha. Beba kadi na pesa taslimu, maana mikahawa ya huko haipokei M-Pesa.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu, mambo yanageuka. Hapo adabu ya Gusii inarudi. Mjulishe mwenyeji siku moja au mbili kabla kile usichokula, ili mama wa watu asiumie baada ya kupika. Mpelekee kinyago kidogo cha mawe ya Tabaka. Chakula kikikupendeza, mwambie "Está muy rico". Usiache jiko la watu bila neno jema.

Andika sentensi hizi kwenye karatasi uiweke katika mfuko wa viatu, kwa sababu simu huisha chaji. Kila jioni kabla ya safari zisome kwa sauti, mdogo wako akiwa mhudumu na wewe mteja. Akikujibu vibaya, rudia swali. Ukishinda huko, tutashangilia. Usiposhinda, tutakupokea vilevile. Lakini usije ukaniambia ulishindwa kwa sababu uliona haya kumwuliza mtu wa watu ni nini kilichomo kwenye sahani yako.

Mungu akutangulie, akulinde barabarani na mezani.

Ni mimi mjomba wako,
Mogaka