Mgongo wa mpwa wangu na kioo cha Katharina

Leo siasa naziweka kando, wale wa siasa mtanisamehe. Mpwa wangu, binti wa dada, ana miaka 13. Fundi cherehani ndiye aliyeanza kuona: kila akimpima sketi ya shule, upindo unapanda upande mmoja. Dada akamlaumu fundi. Tulipomwambia binti ainame mbele, mikono ikining'inia, wote tukanyamaza. Mbavu za kulia zilikuwa zimeinuka. Eksirei ikasema nyuzi 22.

Inaitwa skoliosisi, na si kibyongo kama wanavyodhani mtaani. Mgongo unapinda kwenda pembeni huku pingili zikijisokota. Kuanzia nyuzi 10 ndipo unahesabiwa hivyo, na vijana kama 2 au 3 katika kila 100 wanao. Kwa wengi chanzo hakijulikani. Si begi la madaftari, si kukaa vibaya, si ndoo ya maji. Nasema hivyo kwa sababu bibi yake bado anasema ni ndoo, na dada anaumia kila akisikia.

Basi nikafanya ninacholipwa kufanya: kuuliza na kusoma. Hapo ndipo nilipokutana na Katharina Schroth, Mjerumani aliyezaliwa Dresden mwaka 1894. Mgongo wake ulipinda, akavalishwa vazi la chuma. Alipoona mpira wenye hewa unavyobonyea na kujaa tena, akajiuliza kama pumzi haiwezi kuujaza upande wa kifua uliobonyea. Akasimama mbele ya kioo akajaribu. Mwaka 1921 akafungua kituo kidogo Meissen. Mazoezi yake yanafundishwa hadi leo: kujirefusha, kurekebisha nyonga na mabega, kisha kuvuta pumzi kuelekea upande uliozama. Kila mtu hufanya kwa jinsi mgongo wake ulivyopinda, kwa hiyo huwezi kuiga ya jirani.

Yanaponya? Hapana, na yule anayeuza mikanda ya "kunyoosha mgongo kwa wiki mbili" tumpite. Tafiti za mazoezi nyingi ni ndogo, ila baadhi zinaonyesha yanaweza kupunguza kasi ya kupinda. Bresi, lile vazi gumu la plastiki, ina ushahidi mzito zaidi: katika utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2013, asilimia 72 ya waliovaa walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu. Karibu na nyuzi 50 ndipo upasuaji huanza kuzungumzwa. Binti yetu bado anarefuka, na kwa wasichana hatari ya kuongezeka ni kubwa kuliko kwa wavulana. Hilo ndilo linalomnyima dada usingizi.

Alitaka kumtoa kwenye netiboli. "Mdogo wangu, akianguka je?" Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwambia mwache acheze. Mimi nikamwonyesha binti picha ya Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009, naye ana skoliosisi.

"Anko, kwa hiyo na mimi nitakimbia hivyo?"

Nikamwambia aanze na nusu saa ya leo. Tumenunua kioo kirefu, kimeegemezwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Anafunga mlango, hataki tumwone. Eksirei nyingine ni baada ya miezi sita.